Ulemavu na Fomu ya Msaada: Nani Huandikwa, Nani Huachwa?

Mlezi wa chama chetu aliniagiza niandike makala ya somo, si hadithi wala shairi. "Chagua jambo ambalo hata jirani yako angependa kulisoma," ndivyo alivyoniambia. Nami nikachagua jambo ambalo huzuka karibu kila baraza la chifu hapa Kinanie, na baraza likivunjika kila mtu huenda kwake na maelezo yake: msaada wa serikali kwa watu wenye ulemavu. Nani huomba? Nani hupata? Na mbona watu wawili wenye shida moja ya miguu, mmoja huingia kwenye orodha na mwingine hata fomu hajawahi kuiona?

Jibu la haraka ni kwamba daktari ndiye huamua. Akikupima na kukuta mwili una kasoro, unaandikwa. Asipoikuta, unarudi nyumbani. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Kabla mtu hajafika mbele ya daktari amekwisha kuchujwa mara nyingi na mambo mengine: umri wake, kama ni mwanamume au mwanamke, anakaa wapi, alisoma hadi wapi, ana kitambulisho au hana, na nyumbani kuna nani wa kumwinua kitandani. Mambo hayo hayaonekani kwenye picha ya eksirei, lakini ndiyo nataka tuyachunguze.

Tuanze na maneno, maana hiki ni chama cha Kiswahili na maneno ndiyo shamba letu. Zamani vitabu vilijaa majina kama kiwete, kipofu, kiziwi na kilema. Ukiyatazama utaona yote yamevaa kiambishi KI, sawa na kiti na kikapu. Mwalimu wetu wa sarufi hutukumbusha kwamba, kwa kuwa ni majina ya watu, upatanisho wake ni wa A-WA: kiziwi huyu amefika, viziwi hawa wamefika. Neno kilema ndilo lenye vituko zaidi. Kilema hiki ni ile kasoro yenyewe. Kilema huyu ni mtu. Sasa kijana akisimama sokoni na kusema "kile kilema kimekaa pale", amemgeuza mtu kuwa kasoro yake, na hapo amevunja sarufi na adabu kwa mpigo mmoja. Baadaye likaja neno mlemavu, ambalo angalau limo katika ngeli ya watu. Siku hizi twahimizwa kusema mtu mwenye ulemavu, ili mtu atangulie na ulemavu ufuate. Baadhi ya wenzangu hucheka, ati ni kurefusha maneno bure. Lakini Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Basi jambo hili si la wasahihishaji wa insha peke yao.

Nimelileta mapema kwa sababu neno tu laweza kumzuia mtu asiombe msaada. Mtaani kwetu kuna ajuza mmoja ambaye haoni vizuri tena na hawezi kuvuka barabara peke yake. Ukimuuliza kama ana ulemavu atakasirika: "Mimi ni mzee tu, sina ulemavu wowote!" Vilevile kuna mama mwenye kijana wa kifafa. Yeye husema mwanawe ni mgonjwa, atapona siku moja. Hakuna aliyedanganya kati yao. Ila siku chifu akitangaza kwamba wenye ulemavu waje waandikishwe, hao wawili hawatasikia kwamba wameitwa.

Wataalamu wa kuhesabu watu walikwisha kuligundua tatizo hilo. Kuna kundi liitwalo Washington Group, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, ambalo lilitunga maswali yasiyotumia neno ulemavu hata kidogo. Huulizwa: je, una shida ya kuona, hata ukivaa miwani? Una shida ya kusikia? Ya kutembea au kupanda ngazi? Ya kukumbuka? Ya kujihudumia, kama vile kuoga na kuvaa? Ya kuwasiliana? Kila shida hupimwa: hakuna, kiasi, kubwa, au siwezi kabisa. Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyotumika katika sensa yetu ya 2019.

Matokeo yake yalikuwa hivi. Kati ya watu wa miaka 5 na zaidi nchini Kenya, watu 918,270 walihesabiwa kuwa na ulemavu, yaani asilimia 2.2. Sensa ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5. Je, ulemavu ulipungua katika miaka hiyo kumi? La hasha! Kilichobadilika ni swali. Mwaka 2019 waliohesabiwa ni wale waliosema shida yao ni kubwa au hawawezi kabisa. Waliosema "kiasi" walibaki nje ya hesabu. Shika hapo, msomaji, kwa sababu tutalirudia: idadi ya watu wenye ulemavu hutegemea mstari umechorwa wapi, na mstari huo huchorwa na binadamu.

Sensa hiyohiyo ilionyesha mengine. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 2.5, wanaume 1.9. Mashambani ilikuwa asilimia 2.6, mijini 1.4. Shida ya kutembea ndiyo iliyoongoza. Jirani zetu wa Makueni walikuwa miongoni mwa kaunti zenye asilimia kubwa kabisa.

Mwanafunzi mvivu atasoma hesabu hizo na kuamua kwamba hewa ya mashambani hulemaza watu. Tusiwe wavivu. Tofauti ya wanawake na wanaume ina sababu kadhaa, na mojawapo ni nyepesi tu: wanawake huishi miaka mingi zaidi, na uzee huja na macho hafifu na magoti mabovu. Ile methali ya hujafa hujaumbika, ambayo sisi huitumia katika kila insha ya ajali, kwa kweli yahusu uzee kuliko ajali. Wengi hawakuzaliwa na ulemavu; umewakuta njiani. Ama kuhusu shamba na mji, vijana wenye nguvu huhamia mjini kutafuta kazi, wakawaacha nyuma wazee na wale wasioweza kusafiri. Akiumia huko mjini asiweze kulipa kodi ya nyumba, hurudi kwao. Kwa hivyo mji huchukua nguvu na shamba hupokea majeraha. Isitoshe, mtoto wa mashambani akipata maradhi ya masikio na zahanati iwe mbali, maradhi madogo huzeeka yakawa uziwi.

Sasa Kinanie iwekwe upande gani? Hapa ndipo penyewe panaponisumbua. Sisi si mji na si shamba. Upande mmoja wako wenyeji, Wakamba wa tangu zamani, wenye shamba la mahindi na mbuzi wachache. Upande wa pili wako wapangaji waliokuja juzi kutoka kila pembe ya Kenya: kina dada wanaoshona nguo katika viwanda vya EPZ kule Athi River, wanaume wa viwanda vya saruji, vijana wa kwari na wa mjengo. Barabara kuu ya Mombasa iko karibu, na malori hayalali. Bodaboda ndio miguu yetu. Kwa hiyo kwetu ulemavu wa uzee na wa kuzaliwa unakutana na ulemavu wa kazini na wa barabarani, na kila aina ina umri wake na jinsia yake. Aliyepondwa mguu na jiwe la kwari aghalabu ni mwanamume wa miaka 25 au 30. Anayelea mtoto asiyeweza kukaa ni mwanamke, na mara nyingi ni nyanya yake. Sijasikia hata siku moja baba akiacha kazi ili kumlea mtoto wa namna hiyo. Kama yupo, anisamehe.

Na hata mwili mmoja hauna ulemavu mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, hauishii kwenye kiungo cha mtu. Unasema, kwa maana, kwamba kizuizi cha mwili kikikutana na vizuizi vya mazingira na jamii ndipo mtu anapokosa kushiriki sawa na wenzake. Hapa kwetu mfano hautafutwi. Udongo wetu ni ule mweusi unaonata. Wakati wa kiangazi mtu wa kiti cha magurudumu husukumwa hadi dukani akarudi. Mvua ikinyesha siku mbili, magurudumu huzama, na mtu yuleyule mwenye miguu ileile hukaa ndani wiki nzima. Daktari akimpima mwezi wa Agosti na akimpima tena Novemba ataandika maneno yaleyale. Maisha ya mtu huyo hayakuwa yaleyale.

Tuje kwenye pesa zenyewe. Ibara ya 43 ya Katiba inatoa haki ya hifadhi ya jamii, na kuitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Mpango unaojulikana sana ni Inua Jamii. Una mikono mitatu: ule wa mayatima na watoto walio hatarini, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, ule wa wazee, na ule wa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza mwaka 2011. Kiasi kinachotajwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na si siri kwamba miezi huweza kurundikana bila malipo. Katika mkono wa ulemavu, pesa hupokewa na mlezi, yaani yule anayemtunza mhusika. (Si mlezi wa chama, jameni. Kiswahili kina maneno machache kuliko kazi zake.)

Zingatia hilo neno mkubwa. Mpango unamlenga mtu anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana, asiyeweza kujilisha wala kujisafisha mwenyewe. Masharti mengine ni kwamba nyumba iwe maskini sana, pasiwe na mtu wa nyumba hiyo mwenye kazi ya mshahara au pensheni, wasiwe wanapokea msaada mwingine wa aina hiyo, wawe raia wa Kenya, na wawe wameishi katika eneo hilo zaidi ya mwaka mmoja. Kila sharti peke yake lina akili. Ukiyapanga pamoja ndipo unaona uzi mmoja umekuwa wavu.

Kwa miaka kadhaa mwishoni mwa muongo wa 2010, nyumba zilizokuwa kwenye orodha ya ulemavu zilikuwa kama 47,000 nchi nzima. Mimi si hodari wa hisabati, lakini kugawanya naweza. Kenya ina maeneobunge 290. Hiyo ni wastani wa nyumba 162 kwa kila eneobunge. Kinanie iko katika eneobunge la Mavoko, yaani kaunti ndogo ya Athi River, ambayo katika sensa ya 2019 ilikuwa na zaidi ya watu 300,000. Tukichukua ile asilimia ndogo ya mijini, 1.4, tunapata kama watu 4,200 wenye shida kubwa. Hii ni kukadiria tu, na si wote wanaohitaji kuangaliwa usiku na mchana. Hata hivyo, weka 162 kando ya 4,200 uone. Nafasi zikiwa chache hivyo, anayepata si lazima awe mwenye shida kuliko wote. Huwa ni yule ambaye shida yake inaonekana, ina karatasi, na ina mtu wa kuisemea.

Hapo naomba niseme juu ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa kike ana miaka tisa, na ana mtindio wa ubongo. Ni hali inayotokana na ubongo kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Haiambukizi, wala si laana, ingawa tumeambiwa hayo yote. Hawezi kukaa bila kuegemezwa. Hucheka sana akisikia redio. Mama huuza mboga, kwa hiyo mchana yuko na Susu, yaani nyanya yetu, ambaye mwenyewe ana goti lisilokunjika. Kwa hiyo mtu wa kumwinua mtoto ni mtu ambaye sensa ingeweza kumhesabu pia.

Ili aandikishwe ilibidi kwanza apimwe katika hospitali ya serikali, ambayo sitaitaja. Mara ya kwanza tuliambiwa daktari wa kupima hakai siku hiyo. Mara ya pili daktari yuko, fomu zimekwisha. "Mama, rudi wiki ijayo," karani alisema bila kuinua uso. Mara ya tatu fomu ilijazwa nusu, kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilikuwa na jina lililokosewa herufi moja. Kila safari iligharimu shilingi 600, maana bodaboda inabeba watu wawili na mtoto hadi barabarani, na katika matatu utingo hudai viti viwili kwa kuwa mtoto hulazwa. Safari tatu ni shilingi 1,800. Msaada wenyewe wa mwezi ni 2,000. Na siku tatu hizo mama hakuuza mboga.

Susu aliniuliza swali ambalo sijalipatia jibu katika kitabu chochote: "Yule asiye na shilingi 600 hupimwa wapi?" Nimelifikiria sana. Umaskini ndio unaokufanya ustahili msaada, na umaskini uohuo ndio unaokuzuia kufika mahali pa kuthibitisha kwamba unastahili. Wanaofika mbele ya daktari ni maskini wenye jirani wa kuwakopesha nauli.

Elimu nayo huchuja kimyakimya. Fomu huja kwa Kiingereza zaidi. Mama alifika darasa la saba, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma kila mstari nikamfasiria. Penye swali la kazi ya mlezi, nilimuuliza Susu niandike nini. Akasema andika hana kazi. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kumgeuza mtoto asipate vidonda, kisha akaonekana kwenye karatasi kama mtu asiye na kazi! Mimi niliandika "mtunzaji". Sijui kama neno hilo lilisomwa.

Kuna wengine ambao ningependa msomaji awafikirie, kwa kuwa hawatoki sana nje. Wa kwanza ni yule mwanamume wa kwari. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kazini. Lakini kibarua anayelipwa mkononi kila jioni hana barua ya kazi, na siku ya ajali mwenye kwari humwona kama mgeni aliyepita. Akigeukia Inua Jamii, anaambiwa yeye si mwenye ulemavu mkubwa, anaweza kujilisha. Ni kweli, anaweza kujilisha, kama kuna chakula. Huyo ameanguka katikati ya mistari miwili, na kwa fahari ya wanaume wa kwetu hatasema neno. "Mimi si wa kuombaomba," atakuambia, huku mkewe akifua nguo za watu.

Wa pili ni mpangaji. Anahama kila kodi inapopanda, leo Kinanie, kesho Mlolongo. Ule mwaka mmoja wa kuishi mahali pamoja haumtimii. Mzee wa mtaa hamjui, na asiyejulikana na mzee wa mtaa hatajwi kwenye baraza. Hapa wenyeji wana nafuu, na sioni aibu kusema hivyo ingawa sisi ni wenyeji.

Kisha kuna jambo la nyumba. Katika kuandikisha huulizwa maswali ya kupima umaskini: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, mifugo ni mingapi. Kwingine ukuta wa mawe ni dalili ya uwezo. Kwetu mawe yanachimbwa hapahapa, na hata chumba cha kukodi cha mtu asiye na kitu huwa cha mawe. Swali lililo zuri Kitui laweza kuwa baya Kinanie.

Nao viziwi? Katiba, Ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na hapa Machakos tuna shule ya viziwi inayojulikana. Lakini nenda kwenye dirisha la ofisi yoyote uone kama yupo mtu wa kuinua mikono akaongea. Kiziwi huja na ndugu yake wa kumtafsiria, na asiye na ndugu huelekezwa kwa vidole tu. Mwenye kifafa na mwenye ugonjwa wa akili wana shida nyingine: siku ya kupimwa wanaweza kuonekana wazima kabisa. Ulemavu wao una ratiba yake, na haiambatani na ratiba ya hospitali.

Je, kuna nchi iliyojaribu kupima tofauti? Ipo. Brazili, katika Katiba yao ya 1988, waliahidi malipo ya kila mwezi kwa mtu mwenye ulemavu wa umri wowote, na kwa mzee, ambaye yeye na jamaa zake hawawezi kujikimu. Malipo yalianza mwaka 1996, na kiasi ni sawa na kima cha chini cha mshahara wa nchi nzima. Sharti la umaskini ni kali: kwa kawaida pato la kila mtu nyumbani lisizidi robo ya kima hicho. Mwanzoni daktari ndiye alikuwa mwenye neno. Lakini kuanzia mwaka 2009 mwombaji hukaguliwa na watu wawili, daktari na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kila mmoja na sehemu yake ya maswali. Walifuata mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001, unaotazama mwili, shughuli za mtu na mazingira yake kwa pamoja. Daktari huuliza mguu una nini. Yule wa pili huuliza mtu huyu hufikaje sokoni, nani humsaidia, barabara ikoje, shule ilimpokea au ilimfukuza. Sisemi Brazili ni peponi. Huko nako watu husubiri foleni na wengi hukataliwa. Ninachosema ni kwamba lile swali la udongo mweusi, kule lina mahali pake kwenye fomu.

Mtu atanijibu kwamba hata kwetu afisa wa ustawi wa jamii yupo, na maswali ya nyumba yapo. Ni kweli. Lakini maswali ya ukuta na mbuzi hupima umaskini, na uchunguzi wa daktari hupima mwili. Kati ya hayo mawili hakuna anayepima umbali, wala nguvu za Susu, wala mvua. Mimi naona hapo ndipo panapovuja. Nafasi ya kuziba ipo, maana Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003, iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ilipewa mrithi mwaka 2025, na kila sheria mpya huhitaji kanuni na fomu za kuitekeleza. Ningekuwa mimi, ningeanza kwa kumpeleka mpimaji kijijini mara moja kwa mwaka, siku ya soko, ili watu 50 wapimwe kwa nauli ya mtu mmoja.

Kwa sasa, msomaji ambaye nyumbani kwenu kuna mtu wa namna hii, yafaa ujue machache. Kadi ya Baraza la Kitaifa na pesa za Inua Jamii ni vitu viwili tofauti. Kupata kadi si kupata pesa, ila kadi hurahisisha mambo mengi. Kadi hutanguliwa na upimaji katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Pesa huanzia kwa naibu wa chifu na afisa wa ustawi wa jamii, na uandikishaji haufanywi kila siku, kwa hiyo mwambie mzee wa mtaa mapema akutumie habari. Kagua herufi za majina kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mlezi kabla ya safari. Toa nakala mbili za kila karatasi. Kama mhusika ana kifafa, beba kadi zote za kliniki za nyuma, kwa sababu siku hiyo anaweza asianguke. Nanyi mliofika kidato cha tatu, msiwaache wazazi waende peke yao. Someni fomu hadi nyuma. Na kabla hujakodi bodaboda, piga simu uulize daktari wa kupima hukaa siku gani.